Kaka Yake Asiyerudi

Kosa langu kubwa la Kituruki sikulifanya darasani. Nililifanya sebuleni kwa mama mmoja mtu mzima huko Odunpazarı, mtaa wa nyumba za kale katika mji wa Eskişehir, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kochi na glasi ya chai inaniunguza vidole. Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya juu yake. Nilimwita Teyze kama kila mtu alivyomwita. Teyze ni mama mdogo au mama mkubwa, yaani dada wa mama. Shangazi ana neno lake, hala, na mjomba ana lake, dayı, ambalo huwezi kumpa baba mdogo. Wenzangu waliotoka Ulaya walilalamikia utitiri huu wa majina ya ndugu. Mimi nilijiona nimefika nyumbani.

Kwenye kabati la vioo palikuwa na picha ya kijana mwenye masharubu, amevaa suti inayompwaya mabegani. Teyze aliona naitazama, akasema: "Almanya'dan dönmeyen ağabeyim."

Nilielewa kila kipande. Almanya ni Ujerumani, -dan ni kutoka, dön- ni rudi, -me- ni ukanushi, -yen ni kirejeshi, ağabey ni kaka mkubwa, -im ni yangu. Nikaviunga haraka haraka, nikajipongeza moyoni, nikapata: kaka yangu ambaye hajarudi kutoka Ujerumani. Basi nikauliza kwa adabu zangu zote, "Ne zaman dönecek?" Atarudi lini?

Teyze aliweka glasi yake mezani. "Dönmeyecek, kızım," akasema. Hatarudi, binti yangu. Kisha akaongeza neno moja: "Ölmüş."

Neno hilo la mwisho nitalifikia. Kwanza nataka kulichunguza kosa lenyewe, kwa sababu naamini halikuwa la kutojua msamiati wala la ulimi mzito. Lilikuwa kosa la kusoma. Na sehemu yake, bila kumlaumu mtu, lilitokana na namna tunavyofundishwa kusoma lugha ya tatu kwa miwani ya lugha ya pili, huku ya kwanza imefungiwa sandukuni.

Anayekwenda Uturuki kwa ufadhili wa serikali yao huanza na mwaka mzima wa lugha kabla ya kugusa masomo yake. Darasa letu lilikuwa na Wasomali, Waindonesia, Wakirgizi, Mpalestina mmoja na mimi. Wakirgizi walituacha mbali kufikia wiki ya pili, maana lugha yao na Kituruki ni za ukoo mmoja. Sisi wengine tulishika kitabu. Kilianza kwa picha: tufaha, dirisha, daktari. Picha zilitosha hadi tulipofika kwenye vishazi rejeshi. Hakuna picha ya "kitabu nilichokisoma". Hapo kila mmoja akakimbilia Kiingereza chake, kibovu au kizuri, na mwalimu naye, kwa huruma, akatufuata huko. Penye -en tukaandika kile kijineno cha Kiingereza kinachouliza "nani". Penye -dik tukaandika kile kinachouliza "kipi". Nilichora jedwali la safu mbili kwa kalamu ya rangi. Ninalo mpaka leo, na karibu kila kilichomo ni sahihi. Halikunisaidia kitu sebuleni kwa Teyze.

Kuna neno moja ambalo kila mgeni Uturuki huonyeshwa mapema, kama mtalii anavyoonyeshwa twiga: Çekoslovakyalılaştıramadıklarımızdan mısınız? Maana yake ni kama hivi: je, wewe ni mmojawapo wa wale tulioshindwa kuwageuza kuwa Wachekoslovakia? Watu hucheka, hulihesabu herufi, hulipiga picha. Nami nilicheka. Lakini ukilipasua utaona kwamba urefu wake si kitu cha ajabu kwa Mswahili. Sisi husema "hawatatubadilishishia" tukienda sokoni na hakuna anayepiga picha. Kinachostahili kutazamwa ni vile vijiherufi vitatu vilivyojificha katikati, -dık-. Ndivyo vinavyobeba "tulio-" yote. Bila vyenyewe neno zima ni kelele tu. Nasikitika kwamba neno lile limekuwa mchezo wa sarakasi, kwa sababu lingeweza kuwa somo zuri la kwanza la kirejeshi.

Sasa njoo kwenye kile tulichojifunza kidato cha pili tukapiga miayo: o-rejeshi. Nilichokisoma. Ni-li-cho-ki-soma. Mtendaji, njeo, kirejeshi, mtendwa, mzizi, vyote ndani ya neno moja, na kile kitabu chenyewe kimeshapita mbele. E. O. Ashton, aliyeandika sarufi ya Kiswahili mwaka 1944 ambayo vizazi vya wageni vimejifunzia, aliiona hiyo -o- kama kiashiria cha kurejelea jambo ambalo tayari liko akilini mwa wasemaji. Kituruki kinasema okuduğum kitap. Oku- ni soma. -Duğ- ni ile -dık ya Wachekoslovakia, imelainika kwa sababu ya jirani zake. -Um ni yangu. Kitap ni kitabu, neno lilelile tuliloazima sote kwa Waarabu.

Angalia hiyo -um. Ndiyo inayopatikana kwenye "ev", nyumba, ikitamkwa evim, nyumba yangu. Mturuki hasemi "kitabu ambacho mimi nilisoma". Anasema kitabu cha kusoma kwangu. Kitendo kimefanywa mali, na mtendaji amekuwa mwenye mali. Siku nilipoligundua hili nilifunga daftari nikatoka kwenda kutembea kando ya mto Porsuk, baridi ya Februari ikinikata masikio, nikirudia rudia: kuja kwako, kusoma kwangu, kuondoka kwake. Hatukuhitaji Kiingereza. Kiswahili kina "kusoma kwangu" tangu enzi. Mswahili anayesema "nimefurahi kwa kuja kwako" tayari ana nusu ya sarufi ya Kituruki mdomoni. Mlango ulikuwa wazi upande wa nyumbani, nasi tulikuwa tunapanda dirishani kupitia London.

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba lugha hizi ni ndugu. Kuna mambo mawili ambapo zinapeana mgongo, na yote mawili yana uzito kwa anayesoma fasihi.

La kwanza ni mpangilio. Mswahili hutaja kitu kwanza, kisha hukieleza. Mturuki hueleza, hueleza, hueleza, halafu mwisho kabisa ndipo anakitaja. Chukua sentensi hii niliyoitunga mwenyewe: dün çarşıda annesiyle konuştuğum çocuğun okuduğu okul. Ukiifuata hatua kwa hatua inakwenda hivi: jana, sokoni, na mama yake, kuzungumza kwangu, mtoto, kusoma kwake, shule. Kwa Kiswahili tungeanza na shule: shule anayosoma mtoto ambaye jana sokoni nilizungumza na mama yake. Msikilizaji wa Kituruki anabeba mizigo yote bila kujua anaipeleka nyumba gani, mpaka mlango unapofunguliwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimsikiliza mtu nikiwa kama abiria wa daladala isiyo na kibao. Sasa naipenda safari ile. Inamlazimisha mtu kusikiliza hadi mwisho, jambo ambalo katika familia yangu hakuna anayeliweza.

La pili ndilo lililoniponza. Okuduğum kitap haisemi lini. Inaweza kuwa kitabu nilichokisoma mwaka juzi au ninachokisoma sasa hivi. Ni wakati ujao tu ulio na umbo lake: okuyacağım kitap, kitabu nitakachokisoma. Vilevile okuyan kız ni msichana anayesoma, au aliyekuwa akisoma, au msomaji tu. Mturuki huuacha wakati uonekane kutokana na mazungumzo. Mswahili hana anasa hiyo. Kwetu ukitamka tu "ni-" lazima uchague, -li- au -na- au -taka-, kabla hata mzizi haujafika. Kila mara ninapotafsiri kirejeshi cha Kituruki nalazimika kusema jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Hapa ndipo jedwali langu la rangi liliponitupa. Dönmeyen ni asiyerudi, ambaye harudi, ambaye hakurudi, ambaye hajarudi. Vyote. Teyze hakuchagua. Nilichagua mimi, katika nusu sekunde, nikachagua -ja-. Kwa nini -ja-? Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati mbaya. Kisha nikakumbuka muhtasari wa kikao.

Babu alipofariki nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri nilikabidhiwa ukatibu wa kikao cha ukoo. Kulikuwa na nyumba Ngamiani, Tanga, na watoto watano wa kuigawana. Wanne walikuwa mkekani. Wa tano, mjomba wangu, alizamia meli mwaka 1996. Ilipigwa simu moja kutoka Durban, kisha kimya. Niliandika kama wazee walivyonitamkia: marehemu ameacha watoto watano, mmoja wao ni yule ambaye hakurudi kutoka safarini. Bibi hasomi. Aliomba asomewe kabla ya kuweka dole gumba. Nilipofika hapo akaninyooshea mkono.

"Futa. Andika hajarudi."

Mzee mmoja akasema mama, ni mamoja tu hayo. Bibi akajibu: "Kama ni mamoja, andikeni langu."

Hayakuwa mamoja, na kila mtu mkekani alilijua hilo. Ukiandika hakurudi, fungu lake linagawanywa. Ukiandika hajarudi, linamngoja. Nilifuta kwa kifutio cha wino kilichochana karatasi, nikaandika hajarudi juu ya mchubuko, na nyumba ile mpaka leo ina chumba kimoja ambacho kodi yake inawekwa kwenye bahasha.

Kwa hiyo niliposikia mama mtu mzima akinionyesha picha ya ndugu aliyekwenda mbali, sikuwa nasikia Kituruki. Nilikuwa nasikia Ngamiani. Nilimtilia Teyze kwenye sentensi yake tumaini la mtu mwingine. Nadhani wasomaji wengi hufanya hivi na vitabu vizima bila kujua, nami nisingejua kama mwandishi asingekuwa amekaa mbele yangu na glasi mkononi.

Ulikuwepo mtego mwingine, nao ni wa kwetu wenyewe: amba-. Kiswahili cha maandishi siku hizi kinategemea amba- kama mzee na mkongojo, na tafsiri zetu ndizo zinazougua zaidi. Nimewahi kujaribu kutafsiri ukurasa mmoja wa riwaya ya Kituruki, nikahesabu "ambaye" na "ambayo" kumi na moja kabla ya kufika chini. Ukurasa ulisomeka kama hati ya mahakama. Sisemi amba- itupwe. Kuna mahali haina mbadala: annesi çalışan çocuk, mtoto ambaye mama yake anafanya kazi, hapo o-rejeshi inakwama na Kituruki kinapita kwa -en yake bila jasho. Tena amba- ina historia ninayoipenda. Inatokana na kitenzi cha kale cha kusema, kuamba, ambacho bado kinapumua ndani ya "kuambia" na ndani ya "kwamba". Tulipotaka kamba ya kufungia sentensi kwenye sentensi tuliichukua kwenye kitenzi cha kusema. Waturuki nao wana "diye", kiungo cha kila siku, na kimetoka kwenye demek, kusema. Watu ambao hawakuwahi kukaa kijiji kimoja wakafikia wazo lilelile. Mwalimu wangu alipolisikia hili alilirudia ofisini kwa wenzake, nikapewa biskuti.

Lakini amba- inakuja na njeo kamili nyuma yake, na njeo inakulazimisha kuhukumu. O-rejeshi haiko hivyo daima. Sikiliza: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Asiyefunzwa lini? Ukifikiria, kufunzwa huko kulipaswa kuwa kumepita, utotoni. Tungeweza kusema "ambaye hakufunzwa". Methali haisemi hivyo. Asiyesikia la mkuu, asiyekuwepo na lake halipo. Tukishatia ukanushi kwenye o-rejeshi, wakati unadondoka. Hakuna -li-, hakuna -na-, wala hakuna anayeweza kusema "hajayerudi". Ipo asiye- peke yake, nayo hainuii lini.

Dönmeyen ni asiyerudi. Nilikuwa nalo neno hili tangu kabla sijaanza shule. Kaka yangu asiyerudi kutoka Ujerumani. Nakiri halikai vizuri sana sikioni. Kwa Mswahili linaanza kunukia methali, kana kwamba kutorudi ni tabia yake. Lakini ulemavu huo ni mdogo kuliko ule wa kumweka mtu hai au kumzika kwa kuteleza kwa ulimi.

Nilianza kuisoma Kara Kitap ya Orhan Pamuk majira yaleyale. Ilitoka mwaka 1990, na ni habari ya Galip, mwanasheria wa Istanbul anayezunguka mji kwenye theluji akimtafuta mkewe Rüya aliyeondoka nyumbani. Ni kitabu cha asiyerudi kutoka jalada hadi jalada. Kwa kuwa Kituruki changu kilikuwa kinachechemea niliweka tafsiri ya Kiingereza pembeni, kisha nikagundua ziko mbili: ya Güneli Gün ya miaka ya tisini, na ya Maureen Freely ya mwaka 2006, ambayo mwishoni ina maelezo ya mtarjumi kuhusu vishazi hivi vya Kituruki vinavyomiminika. Nilizisoma sambamba kwa miezi, aya kwa aya. Maoni yangu ni haya. Gün anajaribu kubaki na urefu wa sentensi, na mara nyingine Kiingereza chake kinatokwa jasho. Freely anazivunja, anazipanga upya, na msomaji anateleza. Wengi wanampenda Freely, nami nilimaliza kitabu kwa sababu yake. Lakini sentensi ya Kituruki inayomchelewesha mtu njiani hadi jina lake litajwe mwisho inafanya kile Galip anachokifanya: inatafuta. Ukimtaja mtu mwanzoni umemwokoa msomaji na usumbufu, na umemnyima kutafuta. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua jasho la Gün.

Na mtarjumi wa Kiswahili, akijatokea, ataanza akiwa na faida moja ambayo hao wote wawili hawakuwa nayo. Kituruki kina "o" kwa mwanamume, mwanamke, kiti na mwezi. Kiingereza lazima kiamue jinsia. Kiswahili kinasema "anakuja" na kinakuacha ukitazama mlangoni. Kuna sentensi za Kituruki ambazo zinakwenda mbali zaidi: sevdiğini biliyorum inaweza kuwa najua unampenda, au najua anampenda, kwa sababu "yako" na "yake" huishia kufanana pale zinapofuatwa na kiambishi kingine. Mtu anaweza kuvunja uchumba kwa herufi zile.

Sasa, ölmüş.

Öl- ni kufa. Wakati uliopita wa kawaida ni öldü, alikufa, na asemaye hivyo ameshuhudia au amelikubali. Ukiweka -müş badala ya -dü umesema jambo la ziada: sikuwepo. Nimeambiwa, nimekuta alama, nimehitimisha. Sisi hatuna kiambishi cha namna hiyo. Tuna maneno ya kuzunguka: kumbe, eti, nasikia, inasemekana. Lakini "kumbe" ina mshangao, "eti" ina kebehi, na "inasemekana" ina harufu ya gazeti. Ile -miş inaweza kuwa yote hayo au isiwe hata moja. Mtu akiamka kwenye basi akasema uyumuşum, anasema kumbe nililala; hakuwepo alipokuwa analala. Hadithi za watoto huanza bir varmış bir yokmuş, mara yupo mara hayupo, na -miş pale inafanya kazi ileile ya paukwa pakawa: msimulizi anaosha mikono.

Nilimuuliza mwalimu wangu kuhusu Teyze bila kumtaja. Aliniambia kwamba mtu anayezungumzia kifo cha zamani, alichokwisha kukizoea, kwa kawaida husema öldü, au kwa heshima vefat etti. Ölmüş husemwa habari ikiwa mbichi.

Habari ya Teyze ilikuwa ya mwaka 1983. Aliniambia mwenyewe, siku nyingine, wakati tunachambua maharage. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi na Uturuki zilisaini mkataba wa kupeleka vibarua, na kaka yake aliondoka mwaka 1971 kwa treni ya kutoka Sirkeci, Istanbul, miaka miwili kabla Wajerumani hawajafunga mlango wa kuajiri. Aliandika, akatuma pesa, akapunguza kuandika. Kisha jirani aliyekuja likizo akasema amesikia kwamba amekufa na amezikwa hukohuko. Hakuna aliyekwenda. Hakuna aliyeliona kaburi. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo dada yake amebaki na umbo la kitenzi lililokuja na jirani yule, na hajalibadilisha. Sijui kama anafahamu kwamba analishikilia. Bibi anafahamu fika.

Katika Kituruki mtu aliyepotea huitwa kayıp. Neno hilo ni la Kiarabu, ghaib, asiyeonekana. Sisi kwa mzizi huohuo tumetengeneza ughaibuni, mahali wanapokwenda vijana wenye bahati.

Mwaka ule nilimpigia Bibi kila Jumapili. Nilimsimulia habari za Teyze, chai yake, kabati lake, ile picha. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida.

"Huyo kakake," akauliza, "amerudi?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyachambua kwa wiki kadhaa, nimeyaandika kwenye daftari kwa rangi tofauti. "Wanasema alifariki, Bibi."

"Wanasema nani?"

"Mtu aliyetoka huko."

"Alimwona?"

"Hapana. Alisikia."

Simu ikawa kimya, nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mpe pole yangu."

Nilishuka ngazi. Mlangoni kwa Teyze nikasimama na kidole juu ya kengele, kwa sababu pole haitafsiriki kwa mkupuo. Waturuki wanayo mbili. Aliyeugua, aliyepata ajali, aliyepatwa na tabu ambayo inaweza kuisha huambiwa geçmiş olsun, na iwe imepita. Aliyefiwa huambiwa başınız sağ olsun, na kichwa chako kiwe kizima. Ya kwanza ingemwambia kwamba kaka yake huenda bado yuko njiani. Ya pili ingemwambia jambo ambalo ndugu zake walikuwa hawajalisema kwa kitenzi kilichonyooka tangu mwaka 1983.

Alifungua kabla sijabonyeza. Nadhani alisikia hatua zangu.

"Anneannemin size selamı var," nikasema. Bibi yangu mzaa mama anakusalimu.

"Aleykümselam," akasema Teyze, akasogea pembeni nipite. Akauliza kama evdekiler, walioko nyumbani, wote ni wazima. Nikasema wazima. Akaniambia nivue viatu upesi, joto linatoka.